Siku Zinazohesabiwa: Kuidai Kampuni ya Bima Mahakamani Bila Kupitwa na Muda

Kabla hujasoma zaidi, lichukue faili la bima la biashara yako na uandike juu ya jalada lake, kwa kalamu isiyofutika, tarehe ambayo hasara ilitokea: siku ghala lilipoungua, siku lori lilipopinduka, siku maji yalipoingia dukani. Usiandike siku uliyopeleka madai wala siku kampuni ya bima ilipokujibu. Hizo nazo zina kazi yake, tutazifikia. Hiyo ya kwanza ndiyo itakayotawala kila kitu kwa miaka sita ijayo.

Mwongozo huu ni wa mfanyabiashara wa Tanzania aliyelipa ada ya bima mwaka baada ya mwaka, akapata hasara, kisha akaambulia barua ya kukataliwa au, mara nyingi zaidi, ahadi zisizokwisha. Kesi ya bima ina mengi ya kubishania: moto ulianzia wapi, mali ilikuwa na thamani gani, fomu ya maombi ilijazwa kwa ukweli au la. Hayo yote jaji atayasikiliza ikiwa tu shauri limemfikia ndani ya muda. Likichelewa, Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, inamwamuru alitupilie mbali, hata kama mdaiwa mwenyewe hakuinua hoja hiyo. Soma sentensi hiyo mara ya pili. Hata kampuni ya bima ikinyamaza, hata ikikuandikia kwamba haitabishana nawe kuhusu muda, mahakama inaweza kuliona jambo hilo yenyewe na shauri likaishia hapo. Barua ya namna hiyo ipokee kwa heshima, lakini usiitegemee.

Muda ulio ndani ya mkataba

Watu huanza kuhesabu siku wanapomwona wakili. Wakati huo tarehe kadhaa zimekwisha kupita, kwa sababu tarehe za mwanzo haziko kwenye sheria yoyote. Ziko kwenye mkataba wako wa bima, katika kurasa za nyuma zenye maandishi madogo, chini ya kichwa cha masharti.

Sharti la kwanza ni taarifa. Mikataba mingi ya bima ya moto, wizi na usafirishaji hutaka uitaarifu kampuni mara moja au haraka iwezekanavyo, kisha upeleke maelezo kamili ya hasara kwa maandishi ndani ya siku zilizotajwa, kwa mfano 14, 15 au 30. Kuna mikataba inayotaka pia taarifa ya polisi ndani ya saa chache pale panapokuwa na wizi. Kupiga simu kwa wakala ni vizuri, ila simu haiachi ushahidi. Tuma barua au barua pepe siku hiyohiyo kwa kampuni yenyewe, si kwa wakala au dalali peke yake, na uhakikishe nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Kama hesabu za hasara hazijakamilika, peleka ulizonazo na uandike kwamba nyingine zinafuata. Ripoti ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji huweza kuchelewa. Barua yako isiisubiri.

Sharti la pili ndilo linalowaumiza wengi, na ndilo lisilosomwa. Katika mikataba ya kawaida ya bima ya moto hukaa kifungu kinachosema kwamba kampuni haitawajibika kwa hasara yoyote baada ya miezi 12 tangu hasara itokee, isipokuwa kama madai yako tayari yako mahakamani au mbele ya msuluhishi. Vipo vingine vinavyohesabu miezi hiyo tangu siku madai yalipokataliwa. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inabatilisha makubaliano yanayomfupishia mtu muda wa kudai haki yake mahakamani, kwa hiyo una hoja nzuri dhidi ya kifungu hicho. Lakini mawakili wa kampuni za bima nao wana jibu lao: kwamba kifungu hakifupishi muda wa kwenda mahakamani, bali kinaimaliza haki yenyewe miezi ikipita. Ubishi huo unaweza kukula miaka miwili kabla hata hujazungumzia moto. Ushauri wangu ni mmoja: kama mkataba wako una kifungu cha miezi 12, fungua shauri ndani ya miezi 12. Hoja ya kisheria iweke akiba kwa siku ya dharura, usiifanye kuwa mpango wako.

Angalia pia kama mkataba unataka mgogoro upelekwe kwanza kwenye usuluhishi wa kimkataba, ule unaoendeshwa na msuluhishi aliyeteuliwa na pande mbili na ambao uamuzi wake unafunga. Kikiwepo kifungu hicho nawe ukaenda mahakamani moja kwa moja, kampuni inaweza kuomba shauri lisimamishwe hadi usuluhishi ufanyike, na miezi yako itakuwa imepotea kwa jambo ambalo ungelijua kwa kusoma ukurasa mmoja.

Miaka sita inayoanza kuhesabiwa mapema kuliko unavyodhani

Muda wa kisheria wa kufungua shauri linalotokana na mkataba ni miaka sita tangu haki ya kudai ilipozaliwa. Mkataba wa bima ni mkataba, hivyo umo. Swali ni siku gani haki hiyo ilizaliwa. Mfanyabiashara husema ni siku aliyokataliwa, maana kabla ya hapo hakuwa na ugomvi na mtu. Ni hoja yenye mantiki, na wakati mwingine hukubaliwa. Lakini katika bima ya kufidia hasara ipo hoja ya zamani, iliyokita mizizi katika sheria ya Uingereza ambayo mahakama zetu huiangalia, kwamba haki huzaliwa siku ya hasara yenyewe. Wewe usijiweke katikati ya mabishano hayo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Ghala la vitambaa Kariakoo linaungua tarehe 14 Aprili 2020. Mkadiriaji hasara anakuja, ripoti inachelewa, barua ya kukataa inatoka tarehe 3 Novemba 2021. Ukihesabu kutoka kwenye barua, una muda hadi 3 Novemba 2027. Ukihesabu kutoka kwenye moto, siku ya mwisho ni 14 Aprili 2026. Tofauti ni zaidi ya mwaka mzima na nusu, na mwenye ghala hili angejisikia salama kabisa Desemba 2026 huku shauri lake likiwa limekwisha kufa. Kwa hiyo andika tarehe zote mbili, na ufanye kazi kwa ile ya mapema.

Siku yenyewe ambayo tukio lilitokea haihesabiwi. Hesabu huanza kesho yake. Na kama siku ya mwisho imeangukia siku ambayo mahakama imefungwa, unaweza kufungua siku ya kazi inayofuata. Hizo ni nafuu za mwisho. Anayepanga kuzitumia amekwisha jiweka pabaya.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, limewanyang'anya wafanyabiashara haki nyingi kuliko mabishano yote ya vifungu: mazungumzo. Kampuni ya bima inakuita ofisini. Mnakunywa chai. Wanaomba risiti za manunuzi za miaka mitatu nyuma. Unazitafuta, unazipeleka. Meneja wa madai anahamishwa, anakuja mpya, anaomba risiti zilezile. Baadaye wanatoa kiasi kidogo, unakataa, wanasema watalipeleka suala kwa kampuni inayowakatia wao bima. Hakuna mtu aliyekuwa mkali, hakuna aliyekutolea lugha mbaya, na siku zote hizo muda unakwenda. Mahakama ya Rufani imelisema hili waziwazi katika shauri la P & O International dhidi ya Wadhamini wa Hifadhi za Taifa, TANAPA: mazungumzo ya kabla ya kwenda mahakamani hayasimamishi muda wa ukomo. Heshima ya mezani haiongezi siku hata moja.

Miongoni mwa vitu vinavyoweza kuuanzisha muda upya ni maandishi yaliyosainiwa na kampuni yanayokubali kwamba inawajibika kukulipa. Ndiyo maana kila kikao kinapokwisha inafaa uandike barua fupi: tumekutana leo, mmesema mnakubali dai na kinachobishaniwa ni kiasi tu, tafadhali thibitisheni. Wakithibitisha kwa saini, itunze barua hiyo pamoja na hati za ardhi. Ila barua nyingi zitakuja na maneno "bila kuathiri haki" juu yake, na hizo kwa kawaida huwezi kuzitumia mahakamani kama ukiri. Na kama wakikuletea hati ya kukubali malipo yenye maneno "malipo kamili na ya mwisho", isome na wakili kabla ya kusaini, hasa miezi ya mwisho ya ukomo, wakati ambapo hofu ya kukosa kila kitu huwafanya watu wasaini lolote.

Malalamiko kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, au kwa Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima yana faida yake, hasa kwa madai madogo ambayo gharama za wakili zingeyameza. Yatumie. Lakini yatumie mwaka wa kwanza, usiyakimbilie mwaka wa tano, na yachukulie kama njia inayokwenda sambamba na kalenda ya mahakama bila kuibadili.

Kuna tahadhari ya pekee kwa aliyekatiwa bima na kampuni ya umma, kama Shirika la Bima la Taifa. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2020, mashauri dhidi ya mashirika ya umma na kampuni ambazo Serikali ina hisa nyingi yanafuata utaratibu wa mashauri dhidi ya Serikali: lazima utoe notisi ya siku 90 ya kusudio la kushtaki, nakala iende kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, naye aunganishwe kwenye shauri, na shauri lifunguliwe Mahakama Kuu. Anayekumbuka hili zikiwa zimebaki siku 60 kufikia ukomo amekwama pande zote. Notisi itoke angalau mwaka mmoja kabla.

Wiki ya kufungua shauri

Kufungua shauri si tukio la siku moja, hata kama mfumo wa kielektroniki wa Mahakama unalifanya lionekane hivyo. Kwanza kampuni yako inatakiwa kuwa na uamuzi wa bodi unaoidhinisha shauri. Mahakama hazijawa na msimamo mmoja kuhusu lini uamuzi huo ni wa lazima, na hiyo ndiyo sababu ya kuwa nao: unafuta pingamizi la awali ambalo wakili wa upande wa pili angelitumia miezi kadhaa. Wakurugenzi wakiwa wawili na mmoja yuko Guangzhou kununua mzigo, kikao hicho kinahitaji siku zake.

Pili, ni mahakama ipi? Kila ngazi ina kiwango chake cha fedha, na viwango vya mashauri ya kibiashara katika mahakama za chini si sawa na vya madai ya kawaida. Wakili akikosea hapa, shauri huondolewa na unaanza upya. Sheria inaruhusu muda uliotumika kwa nia njema katika mahakama isiyo na mamlaka usihesabiwe, lakini itabidi uithibitishe hiyo nia njema na bidii yako, na hilo ni shauri ndani ya shauri.

Tatu, viambatisho. Mkataba wa bima na marekebisho yake yote, risiti za ada, barua ya taarifa yenye muhuri, fomu ya madai, ripoti ya polisi au zimamoto, ripoti ya mkadiriaji hasara kama ulipewa, barua ya kukataa, vitabu vya hesabu. Nyaraka unayoitegemea na ambayo hukuiambatisha wala kuiorodhesha utahitaji ruhusa ya mahakama kuiingiza baadaye. Risiti ya ada ni muhimu kuliko wengi wanavyofikiri, maana swali la kwanza la kampuni huwa ni kama bima ilikuwa hai siku ya hasara.

Nne, malipo. Kanuni za ufunguaji wa mashauri kwa njia ya kielektroniki za mwaka 2018 zinasema nyaraka iliyowasilishwa kabla ya saa sita usiku huhesabiwa kuwa imefunguliwa siku hiyo, na ile iliyowasilishwa Jumamosi, Jumapili au sikukuu huhesabiwa siku ya kazi inayofuata. Hata hivyo mahakama zimeshawahi kusema kwamba shauri limefunguliwa siku ada ilipolipwa. Usijiingize kwenye mjadala huo. Ukishapata kontroo namba, lipa siku hiyohiyo, pakua risiti, piga picha ya skrini yenye saa na tarehe. Na kama mfumo umegoma, nenda kwenye masjala mwenyewe, ueleze kwa maandishi, upate majibu ya maandishi. Mtu anayesema baadaye kwamba mtandao ulikuwa chini bila kipande chochote cha ushahidi hana alichosema.

Likizo ya Mahakama Kuu ya mwisho wa mwaka nayo isikulaze. Masjala hupokea nyaraka, na muda wako unaendelea.

Siku 21, kwao na kwako

Shauri likishafunguliwa, kampuni ya bima hupelekewa wito. Tangu siku ya kuupokea ina siku 21 kuwasilisha utetezi wa maandishi. Ikipokea Jumatatu tarehe 2 Machi 2026, siku yake ya mwisho ni Jumatatu tarehe 23 Machi. Ikishindwa, inaweza kuomba kuongezewa muda kabla ya siku hiyo au ndani ya siku saba baada yake, ikitoa sababu ya msingi, na nyongeza ni siku 10 tu. Mwambie wakili wako aifuatilie tarehe ya kupokelewa kwa wito na kuiandika kalendani, kwa sababu utetezi ukikosekana una haki ya kuomba usikilizwe upande mmoja. Ni mojawapo ya nyakati chache ambazo kalenda inakufanyia kazi wewe. Hakikisha tu uthibitisho wa kupokelewa uko safi: nani alipokea, cheo chake, saini, muhuri, saa.

Lakini kuna upande wa pili wa jambo hili, nao hauzungumzwi vya kutosha. Mara nyingi biashara huingia kwenye kesi ya bima ikiwa mdaiwa. Mteja ameteleza kwenye ngazi za hoteli yako. Lori lako limegonga ukuta wa mtu. Anakushtaki wewe, nawe unasema moyoni, bima italipa, unapiga picha samansi na kumtumia wakala kwa WhatsApp, kisha unarudi kazini. Siku 21 ni zako, si za wakala. Kampuni ya bima isipojibu, hukumu ya upande mmoja itatoka dhidi yako, na ikija kukazwa ni akaunti yako itakayoshikwa. Tena mkataba wenyewe huenda unasema kampuni haitalipa hukumu ambayo haikutaarifiwa mapema kuhusu shauri lake.

Kwa hiyo fanya mambo mawili katika wiki ya kwanza, yote mawili. Peleka nakala ya wito na hati ya madai kwa kampuni ya bima, na barua inayoitaka iseme kwa tarehe fulani kama itachukua jukumu la utetezi. Wakati huohuo tafuta wakili wa kuandaa utetezi wako kana kwamba jibu la kampuni halitakuja kabisa. Wakili huyo aanze pia kuandaa maombi ya kuiingiza kampuni ya bima katika shauri kama mtu wa tatu, ili suala la nani alipe liamuliwe humohumo badala ya wewe kulipa kwanza kisha kuanza kesi mpya. Na katika ofisi yako mteue mtu mmoja wa kupokea nyaraka za mahakama, mwenye daftari la kuandika siku na saa. Samansi nyingi huishia kwenye droo ya mapokezi chini ya vipeperushi, kwa sababu aliyezipokea hakujua ni nini.

Baada ya utetezi mwendo hubadilika, na hapa nitapita haraka kwa sababu jaji ndiye anayepanga tarehe. Shauri hupewa njia yake ya kasi, kuanzia isiyozidi miezi 10 hadi isiyozidi miezi 24, kutegemea uzito wake. Kisha huja upatanishi wa mahakama, ambao hufikia mwisho siku 30 zikipita tangu kikao cha kwanza. Hudhuria mwenyewe au mtume mtu mwenye mamlaka ya kukubali kiasi cha fedha palepale. Mdai asiyefika bila sababu anaweza kufutiwa shauri lake, na itakuwa ajabu ya kusikitisha kupoteza katika upatanishi kile ulichokiokoa kwenye ukomo.

Ukishachelewa

Hapa lazima nitenganishe vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Kuchelewa kuwasilisha maombi au rufaa kunaweza kusamehewa na mahakama. Kuchelewa kufungua shauri lenyewe ni jambo jingine: jaji hana mamlaka ya kuiongeza miaka sita. Mwenye mamlaka hayo ni Waziri mwenye dhamana ya sheria, baada ya kushauriana na Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na hawezi kuongeza zaidi ya nusu ya muda uliowekwa, yaani miaka mitatu kwa mkataba. Njia hiyo ipo, ni halali, na wachache sana huifahamu. Ukijikuta nje ya muda, andika maombi hayo mara moja na ueleze kwa vielelezo kila kilichokuchelewesha.

Kwa maombi na rufaa, kipimo kinachotumiwa zaidi ni kile kilichowekwa na Mahakama ya Rufani katika shauri la Lyamuya Construction dhidi ya Wadhamini wa YWCA ya Tanzania. Mwombaji aeleze siku zote alizochelewa; ucheleweshaji usiwe wa kupita kiasi; aonyeshe bidii, si uzembe wala kutojali; na mahakama inaweza kutazama sababu nyingine nzito, kama uharamu ulio dhahiri katika uamuzi unaolalamikiwa. Neno gumu hapo ni "zote". Hata siku moja isiyoelezwa imeshawaangusha waombaji. Hati ya kiapo inayosema "nilikuwa mgonjwa mwezi Machi" haitoshi. Inatakiwa iseme ulilazwa lini, ulitoka lini, ulimwona wakili lini, nyaraka ziliandaliwa siku ngapi, ziliwasilishwa lini, na iambatishwe karatasi ya kila hatua. Uzembe wa wakili peke yake kwa kawaida haukubaliwi kama sababu, na hilo linakuhusu wewe moja kwa moja: usimwachie wakili kalenda yote. Muombe tarehe zote kwa maandishi, ziweke kwenye simu yako na ya mhasibu wako, na umpigie wiki mbili kabla ya kila moja. Wakili mzuri hatakasirika.

Hukumu si mwisho wa kalenda

Hukumu ikisomwa, aliyeshindwa huanza kukimbia, na aliyeshinda naye asikae. Kama uamuzi ni wa Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, rufaa ya madai kwenda Mahakama Kuu ina siku 90, na muda wa kusubiri nakala za hukumu na dikrii hautahesabiwa ukithibitisha uliziomba. Ziombe kwa barua siku ileile ya hukumu.

Kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani mlango ni mwembamba zaidi. Notisi ya rufaa iwasilishwe ndani ya siku 30 tangu uamuzi. Hukumu iliyosomwa Ijumaa tarehe 6 Februari 2026 ina siku ya 30 Jumapili tarehe 8 Machi. Wewe iweke kalendani Ijumaa tarehe 6 Machi, wala usiisubiri Jumatatu. Notisi hiyo umfikishie mpinzani ndani ya siku 14. Rufaa yenyewe, pamoja na kumbukumbu zote, ina siku 60 tangu notisi ilipowasilishwa. Kwa kuwa nakala za mwenendo wa shauri huchukua muda mrefu, sheria inaruhusu siku za kuziandaa zisihesabiwe, kwa cheti cha Msajili, lakini kwa sharti: uwe umeziomba kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu uamuzi, na nakala ya barua hiyo umempelekea mpinzani. Hiyo nakala ya mpinzani ndiyo inayosahaulika. Barua ikienda kwa Msajili peke yake, nafuu yote ya kuondoa siku za kusubiri inapotea, na rufaa iliyoandaliwa kwa gharama kubwa huondolewa.

Anayefanya biashara pande zote mbili za mpaka aangalie hapa kwa makini, maana nimeona ofisi zinatumia kalenda moja kwa Arusha na Nairobi. Kenya nayo ina miaka sita kwa mashauri ya mikataba, na kufanana huko kunalaghai. Notisi ya rufaa kwenda Mahakama ya Rufani ya Kenya ni siku 14, si 30, na nakala yake humfikia mpinzani ndani ya siku saba. Rufaa kutoka mahakama za chini kwenda Mahakama Kuu ya huko ni siku 30, si 90.

Umeshinda? Basi fungua maombi ya kukazia hukumu bila kungoja kampuni ijisikie vizuri kulipa. Sheria inakupa hadi miaka 12, muda mrefu mno ambao huwalegeza watu huku thamani ya shilingi ikishuka. Kampuni ikikata rufaa, kukata rufaa peke yake hakusimamishi malipo. Inatakiwa iombe Mahakama ya Rufani isimamishe utekelezaji, ndani ya siku 14 tangu ilipopewa taarifa ya maombi ya kukazia, na iweke dhamana kwa ajili ya kiasi ulichoshinda. Taarifa hiyo ikiwafikia, dai saini na tarehe ya aliyeipokea, kisha anza kuhesabu: siku ya kwanza ni kesho yake. Siku ya 15 asubuhi wakili wako aende masjala kuuliza kama kuna maombi yoyote yaliyowasilishwa, na kama hakuna, aombe tarehe ya karibu ya kuendelea na ukaziaji.

Sheria za Tanzania zimechapwa upya katika toleo la marekebisho la mwaka 2023, ambalo namba za vifungu vyake zinaweza kuwa tofauti na zile za vitabu vya zamani. Kabla ya kutegemea siku yoyote iliyotajwa hapa, wakili wako afungue toleo hilo na kanuni za mahakama husika, aandike tarehe yako halisi kwenye karatasi yenye saini yake, na karatasi hiyo ikae juu kabisa ndani ya faili.